Sura ya Nne: Ndoo ya Vigae

Shimo lilikuwa la karo. Choo cha zamani cha nyumba yetu ya Kilwa Kivinje kilikuwa kimejaa, na mama alishasema mara nyingi kwamba masika yakikikuta vile, uani hapatakalika. Fundi alifika asubuhi na jembe, beleshi na mtaimbo. Mama akamwonesha pembe iliyo mbali na kisima, naye akapiga bismillahi akaanza. Udongo aliotoa kwanza ulikuwa mweusi, umechanganyika na mifuko ya plastiki na vizibo vya soda. Ukafuata wa kijivu, mlaini kama majivu. Kufikia adhuhuri alikuwa amezama hadi kifuani na beleshi lilikuwa likitoa mchanga na magamba ya kome.

Katika ule wa kijivu nikaona kitu cheupe. Niliinama nikakifuta kwa upindo wa khanga: kipande cha bakuli, ukubwa wake kama kiganja cha mtoto, kimepambwa kwa hilali za buluu zilizogongwa kwa muhuri, moja imekaa upande kidogo kama aliyeigonga alikuwa na haraka. Nyuma yake, karibu na kikalio, palikuwa na herufi zilizokatika: AASTR.

Fundi aliacha kuchimba. "Dada, kama ni mali ya Mjerumani, usinisahau."

Mama naye akatoka jikoni na kawa mkononi, akakitazama kigae, akarudi zake. "Uani huu umejaa hivyo, mwanangu. Bibi yako alikuwa akiokota vya udongo vikubwa vikubwa anafukizia ubani."

Mpaka alasiri nilikuwa nimejaza ndoo. Mlikuwa na vigae vyeupe vya namna ile, vya chungu cheusi vyenye masizi, mfupa wa samaki mkubwa, shanga nyekundu tatu, na kigae kimoja kinene cha udongo mwekundu kilichochorwa mistari ya kukatana kabla hakijachomwa. Niliviosha vyote kwa sabuni, nikavianika juu ya jamvi, nikavipiga picha. Nilifurahi kama niliyekuta kisanduku cha harusi cha bibi. Hayo ndiyo makosa ninayotaka kuyaeleza katika sura hii, maana najua yanatendeka kila siku katika nyua za pwani nzima, kutoka Lamu hadi Mikindani, na yanatendwa na watu wanaovipenda vitu hivi kwa dhati.

Miezi miwili baadaye nilimpelekea ndoo ile mwanaakiolojia mmoja mstaafu. Alivimwaga vigae juu ya gazeti, akaanza kuvipanga bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Vyeupe vya hilali akavitaja mara moja: bakuli za Maastricht, Uholanzi, zilizoletwa pwani yetu kwa wingi katika karne ya 19, wakati viwanda vya Ulaya vilipojua ni mapambo gani yanapendwa na wanunuzi wa huku. Siri ya shanga nyekundu akaifichua kwa kuinua moja mbele ya dirisha: nje nyekundu, ndani nyeupe. Ni samesame, ushanga wa kioo uliotoka Venice na kubebwa na misafara hadi Nyasa na Tanganyika. Kivinje ilikua kwa ajili ya misafara hiyo. Pembe za ndovu ziliteremka hapa, na watu waliotekwa bara walifikishwa hapa wakiwa wamefungwa kabla ya kupakiwa majahazini. Samesame ilikuwa sehemu ya bei. Nilipoambiwa hivyo niliiweka chini ile shanga. Bado siwezi kuishika bila kufikiri ilikuwa ikielekea kwa nani, na ingebadilishwa na nini.

Kisha akachukua kile kigae kinene chekundu chenye mistari. Akakigeuza, akakikwangua ukingo kwa ukucha. Akaniuliza, "Hiki kilikuwa kina gani? Juu ya udongo wa kijivu, au chini yake?"

Sikujua.

"Kilikuwa pamoja na bakuli hizi, au pamoja na makome?"

Sikujua hilo pia. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza bila kunilaumu. Kama kile kigae kilitoka juu, pamoja na bakuli za Maastricht, basi ni chungu cha mama fulani wa Kivinje wa enzi za misafara na hakina ajabu kubwa. Kama kilitoka chini kabisa, kwenye mchanga na makome, basi huenda uani kwetu paliishi wavuvi kabla mji wenyewe haujajengwa. Jibu lilikuwapo siku ile saa sita mchana, limesimama wazi katika ukuta wa shimo, na mimi nikalipindua ndani ya ndoo. Sasa karo imejengewa zege. Jibu halitapatikana tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya visa vya watu waliookota, na nimeona kwamba swali la yule mzee ndilo linalovigawa visa vyote mafungu mawili. Chukua sarafu za Kilwa. Mwaka 1944, katika vita vikuu vya pili, Maurie Isenberg, mwanajeshi wa anga wa Australia aliyekuwa kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile, aliokota sarafu 9 ufukweni. Alizitia kwenye kopo, na ilipita miaka zaidi ya 30 kabla hazijafika kwa wataalamu. Sarafu 4 zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Sarafu 5 zilikuwa za shaba, zina maandishi ya Kiarabu, na zilitoka Kilwa.

Sarafu za Kilwa, ng'ambo yote ya Bahari ya Hindi! Mtu wa Kivinje akisikia hayo damu inamchemka. Mabaharia wetu walifika Australia? Au walizibeba Wareno, walioivamia Kilwa mwaka 1505? Au zilizunguka mikononi mwa wafanyabiashara wa visiwa vya Indonesia, waliokwenda pwani ile kuvua majongoo ya bahari? Au zilikuwa katika mkoba wa baharia wa Kiholanzi aliyevunjikiwa na meli? Kila dhana ina watetezi wake, na hakuna inayoweza kushinda, kwa sababu sarafu zilitoka mchangani peke yake, bila tabaka na bila jirani. Msafara wa watafiti ulikwenda kisiwani mwaka 2013 kutafuta zaidi. Simlaumu Isenberg. Alikuwa kijana vitani, na mimi mwenye shahada na muda wangu nimefanya vibaya kuliko yeye.

Sasa weka kando yake sarafu za Songo Mnara, kisiwa kilicho jirani yetu hapa, kusini mwa Kilwa Kisiwani. Huko wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wenzao wa Tanzania, walianza kuchimba mwaka 2009, wakienda taratibu kwa mwiko wa mwashi na kuchekecha udongo wote. Ndani ya nyumba moja walikuta sarafu za shaba zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja. Kwa thamani ya soko si kitu, shaba chakavu iliyoota kutu ya kijani. Lakini zilikutwa mahali zilipowekwa, katika nyumba inayojulikana umri wake, na masultani wa vizazi mbalimbali wamelala katika fungu moja. Ndipo likapatiwa mwanga swali lililowasumbua wasomi muda mrefu, la sarafu zilizoandikwa jina la sifa "Nasir ad-Dunya" bila kutaja ni sultani yupi. Sasa ziliweza kuwekwa mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa ile ya 15. Na ilionekana pia kwamba fedha ya Sultani Ali bin al-Hasan iliendelea kukaa mikononi mwa watu vizazi vingi baada ya kufa kwake. Ile ile sarafu ambayo Wessel ni kitendawili, hapa Songo Mnara ni shahidi.

Tena wachimbaji hao hawakung'ang'ania majumba ya mawe peke yake. Walichimba nyua na viwanja vilivyo wazi, mahali ambapo juu ya ardhi hapaonekani kitu ila nyasi na mibuyu, wakakuta alama za nyumba za udongo. Watu wa majumba ya mawe tumewajua siku zote kwa kuta zao. Wale wa nyumba za miti na udongo, ambao huenda ndio waliowapikia na kuwavulia, wamebaki kuwa rangi tofauti katika udongo.

Rangi katika udongo! Hilo nalirudia kwa sababu ndilo lililonigharimu kulielewa. Huko Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba kati ya mwaka 1980 na 1988 chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe akakuta mwingine, na chini yake mwingine, na chini kabisa, kwenye udongo wa karne ya 8, akakuta mstari wa matundu. Nguzo za miti zilioza zamani, lakini tundu la nguzo likijaa udongo wa juu hubaki na rangi yake, doa la duara jeusi katika mchanga mweupe. Ukiyaunganisha madoa unapata chumba kidogo cha miti, cha kutosha waumini wasiozidi safu chache. Ni kati ya misikiti ya kale zaidi inayojulikana katika pwani yetu. Huwezi kulitia tundu ndoani. Huwezi kuliuza wala kuliweka kwenye kabati la kioo. Fundi wangu angelipita kwa pigo moja la beleshi, nami nisingegeuka.

Na hapo yanakuja maneno ya fundi, "mali ya Mjerumani". Hakuna mkoa wa Tanzania Bara nilioutembelea nisisikie habari hizo: Wajerumani walipokimbia walizika dhahabu, na mahali pake pana alama, mti, jiwe au kaburi. Nimeonyeshwa makaburi ya kale yaliyofukuliwa na minara iliyobomolewa misingi. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ukitazama makaburi ya nguzo utaona vishimo vya mviringo ukutani, mahali zilipokuwa sahani na bakuli za kaure ya China. Vitu hivyo waliviweka watu kwa heshima ya wafu wao, vikakaa miaka mamia, vikang'olewa.

Kisa cha dhahabu kina mzizi wa kweli, na ukweli wenyewe unapendeza kuliko uvumi. Mwaka 1916, wakati vita vilipokata njia ya bahari na koloni likakosa fedha, Wajerumani waligonga sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli. Ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, ina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Ziligongwa 16,198. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Basi dhahabu ilikuwapo, na ilitengenezwa ili ilipwe na kuzunguka. Lakini karakana ile ile iligonga pia, kwa wingi usiolinganishwa, vipande vya shaba ya manjano vya heller 5 na 20, na hivyo ndivyo jembe hukutana navyo. Watu huvitupa kwa hasira wakiona havina dhahabu. Mtu anayekitupa kipande cha heller ajue amekitupa chanzo cha neno analolitamka kila siku sokoni, maana hela yetu imetoka hapo. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kutoka uani kwa mtu, sijui kingine kinachomgusa mwenyewe ulimini namna hiyo.

Kama nahitaji kumthibitishia mtu kwamba vigae vya takataka vinaweza kusema jambo zito, humpeleka Uingereza. Huko, tangu mwaka 2005, Carenza Lewis, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwaomba wanavijiji wa mashariki mwa nchi wachimbe mashimo katika bustani za nyuma ya nyumba zao. Kila shimo mita moja kwa mita moja, lachimbwa sentimita 10 kwa mara, udongo wachekechwa, na kila kinachotoka chaandikwa kina chake kabla ya kuendelea. Walichimba wanafunzi, wastaafu, watoto na babu zao. Mashimo yalipita 2,000, katika vijiji na miji midogo 55. Hakuna aliyetajirika. Vilitoka vigae tu, vya vyungu vya kawaida vya kupikia. Lakini vilipohesabiwa vyote kwa pamoja, vya kabla ya tauni kuu ya karne ya 14 na vya baada yake, vya baada vilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 45. Vyungu vilivyokosekana vilikuwa vya watu waliokosekana. Vifo ambavyo vitabu vya makasisi na mabwana wa mashamba vilivitaja kwa kubahatisha, vilipimwa kwa takataka za bustanini, na havingepimika kama kila mmoja angekuja na ndoo kama yangu.

Sheria zetu zinalijua jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayovilinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa kusudi la kuvitafuta kunataka leseni, hata kama ni uani kwako na hati ya nyumba ina jina lako. Kenya, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aeleze hasa ni wapi na kilipatikanaje. Maneno hayo ya "wapi" na "kilipatikanaje" ndiyo yale yale ya mzee wangu. Najua wengi wanaogopa kutoa taarifa wakidhani kiwanja kitatwaliwa, na woga huo hautaondoka mpaka maofisa wenyewe wazoee kubisha hodi katika nyua za watu kwa salamu na maelezo kabla ya amri. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuchimba msingi wa bafu. Na mtu anayechimba msingi wa bafu ana nafasi ya kutazama, ambayo mtafiti wa mbali angeilipia nauli ya ndege.

Mwaka uliofuata ilibidi tuchimbe tena, safari hii msingi wa ukuta wa bafu. Nilimwomba fundi yule yule, nikamlipa siku mbili badala ya moja, tukakubaliana atoe udongo kidogo kidogo. Alistaajabu, lakini mtu wa ujenzi akishaelewa unachotaka ana jicho kuliko msomi. Tuliweka vigingi vinne na kamba. Kila sentimita 10 alisimama, nikapima kwa rula, nikapiga picha ukuta wa shimo, na kila kigae kikaingia katika bahasha ya tabaka lake, imeandikwa tarehe na kina. Nilichekecha kwa chekeche la mama la unga, ambalo baadaye nilimnunulia jipya. Sikuosha kitu kwa sabuni. Masizi ndani ya chungu ni mabaki ya chakula, nayo hupimwa.

Sentimita 20, plastiki na msumari. Sentimita 30, hilali moja ya buluu, ndogo kama ukucha. Sentimita 40 fundi ndiye aliyenyanyua mkono. "Dada, hapa pamebadilika. Tazama, kama mtu amemwaga jivu." Akaweka jembe chini, akaomba mwiko wake mwenyewe wa lipu, akaanza kukwangua akiwa amepiga magoti. Likatokea doa la kijivu lenye ukingo mwekundu, udongo uliookwa kwa moto wa siku nyingi. Pembeni mwake mawe matatu, mawili bado yamesimama, la tatu limelala ubavu. Katikati, miba ya samaki imelala kama ilivyotupwa, na kigae cha chungu cheusi kimeegemea jiwe.

Nikamwita mama. Alikuja, akashika magoti, akachungulia ndani ya shimo kwa muda mrefu.

"Mafiga," akasema. "Jiko la nje. Bibi yako alipika huko uani, upande wa pwani wa kisima, mimi nalikumbuka. Hili si lake. Hili limeelekea kusi." Akaonesha kwa kidole namna mawe yalivyopangwa ili upepo wa kusi usizime moto, na mahali mpishi alipokuwa lazima aketi, mgongo kaskazini. Fundi na mimi tulikuwa tumeyatazama mawe yale robo saa nzima tusilione hilo. Nikaliandika kwenye daftari, chini ya kina na tarehe, kama alivyolisema.

Nilimpigia simu yule mzee. Akaniambia nisiyang'oe mafiga, nichore, nipige picha kutoka pande zote nne, nimwarifu afisa wa mambo ya kale, kisha nifukie na ukuta usogezwe. Fundi akausogeza ukuta kwa hatua moja na nusu bila kudai zaidi. Bafu letu limebana kidogo upande wa mlango.

Kabla ya kufukia, mzee alikuwa amesema, wachimbaji huacha kitu cha siku zao chini ya shimo, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba mkono wa mtu umeshafika pale, na lini. Nilikuwa nikitafuta kipande cha gazeti au kizibo. Mama akafungua pindo la khanga yake, akachagua sarafu ya shilingi 200, akaisugua kwa kidole gumba mpaka simba wake wawili wakang'aa. Akampa fundi, aliyekuwa bado yumo shimoni, naye akailaza karibu na jiwe la tatu, kisha akaanza kumimina mchanga kwa mikono.